Khofu ya Giza katika Nchi ya Wajaluo

Zamani, kabla umeme haujafika Homa Bay na Migori, watoto wadogo na wasichana wa Kijaluo, wakisha kula chakula cha jioni, walikwenda kulala siwindhe, nyumba ya bibi mkongwe aitwaye pim, ambako walisimuliwa habari za Apul-Apul, zimwi lenye ulafi usio kifani. Na huko nje, kwa itikadi ya wazee, alizunguka jajuok, mkimbiaji wa usiku, ambaye hakuwa zimwi bali jirani wa mchana, mwenye kutikisa milango na kurusha mchanga juu ya mapaa. Kwa rai yangu pim alistahili heshima ya mwalimu, maana alimfundisha mtoto kuikabili khofu akiwa kati ya wenziwe.

Wala khofu haikuwa ya watoto peke yao; watu wazima nao waliwahofia maadui, wakajikinga kwa kuta. Ngome ya Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, iliyojengwa yapata karne ya 16 kwa mawe matupu pasipo udongo wala chokaa, na kutiwa mwaka 2018 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ina milango mifupi hata aliyeingia zamani alilazimika kuinama, kichwa mbele, chini ya rungu la mlinzi.