Buriani ni ya Walio Hai

Ukiingia Ngomeni, yaani Fort Jesus ya hapa Mvita (Mombasa), kwa lango kuu, tazama jiwe la mwaka 1639 lililo juu yake. Kapteni Mreno, Francisco de Seixas de Cabreira, aliwaorodhesha humo wote aliowaadhibu: Pate na Siyu alizozibomoa kuta, Pemba alikowaua wakubwa wa mji, wafalme wa pwani aliowatoza kodi. Kilichowatia Wareno ghadhabu ni uasi wa Agosti 1631, Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alipomuua kapteni wao ndani ya ngome hiyo hiyo. Katika orodha yote ile hamna hata mmoja aliyesamehewa.

Watawala waliofuata walikuwa na neno amani, yaani ahadi kwamba aliyesalimu amri hataguswa. Mwaka 1837 Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, walipatana na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Haukupita muda viongozi wao wakakamatwa, wakapakiwa chomboni hadi Bandar Abbas, Uajemi, na hawakuuona tena mji. Tangu hapo, nionavyo mimi, mtu wa Mvita hakuusubiri msamaha wa mwenye nguvu. Aliutafuta kwa jirani, na huko ndiko maneno ya kutakana radhi yalikonoga.

Mimi mtu wa mtaa wa Kibokoni, karani wa bandari niliyestaafu, na nimelelewa na nyanya aliyeyapima maneno haya kama mizani ya sonara. Samahani ilikuwa ya kumkanyaga mtu kidole barabarani Ndia Kuu, basi. Kusamehe kulitaka kosa linalojulikana na mkosaji aliyekiri. Kughofiri tulimwachia Mola. Radhi ilikuwa nzito zaidi, kwani mzazi aweza kukusamehe kwa ulimi na moyo wake usiwe radhi nawe, na hapo ujue mambo yako hayaendi. Mali ya mtu ilitaka kuhalalishwa. Ndiyo maana mpaka leo, kabla maiti hajapelekwa makaburini Kikowani, hutoka mmoja wa jamaa akatangaza: anayemdai marehemu aje kwetu, na awezaye kusamehe asamehe.

Kulikuwa pia na kufunika kombe mwanaharamu apite, na huko si kusamehe hata kidogo. Muuza kahawa wa mtaani petu alipotezewa vikombe, na baraza nzima ilimjua kijana aliyevichukua. Hapana aliyemtaja. Vikombe vilirudi usiku, vikawekwa kizingitini, na kesho yake kijana akauziwa kahawa kama kawaida. Kilichositiriwa ni jina la mamake. Yeye mwenyewe hakusamehewa, na alipokuja kuposa mtaa wa pili, baba wa binti alishapata habari.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni buriani. Siku za meli, mahujaji walipokuwa wakienda Jeddah kwa bahari, mtu hakuwa na hakika ya kurudi. Basi alizunguka nyumba kwa nyumba kutaka buriani. Nilimfuata nyanya katika mzunguko wake, nimeshika ncha ya buibui lake. Tukafika kwa jirani aliyekuwa hasemi naye kwa sababu ya mlizamu: maji ya mvua kutoka paa la yule bibi yaliumwagikia ukuta wetu na kuuozesha.

“Bi mkubwa, nimekuja kutaka buriani. Kwa nilijualo na nisilolijua, niwia radhi.”

Yule bibi aliendelea kukunja tambuu yake, akaitia kinywani, akaitafuna. Kisha akasema, “Nimekuwia radhi, duniani na akhera. Nami je?”

“Nawe pia.”

Wakashikana mikono, wakalia kidogo. Mlizamu wenyewe haukuondolewa, na nyanya aliporudi kutoka Makka aliukuta palepale ukimwaga maji. Ila walisalimiana mpaka kufa kwao.

Lile “nisilolijua” ndilo uzito wa buriani. Kusamehe hakufiki huko, kwa kuwa hushika kosa lenye jina. Buriani hufuta hata lile neno ulilolisema ukumbini ukasahau, naye aliyesemwa akalibeba miaka.

Siku hizi buriani imekuwa kichwa cha habari ya tanzia. Akifa mwanasiasa au mwimbaji, magazeti humwandikia “buriani” kwa herufi kubwa. Maiti hawezi kukuwia radhi wala kuitaka yako. Nawaomba wahariri wa magazeti na watunga kamusi wairudishe maana ya kutakana radhi mahali pake, mbele ya ile ya kuagana. Na wewe unayefunga mizigo ya Makka kwa ndege ya saa chache, pitia kwa jirani kwanza.