Fimbo, Rili na Mnyoo wa Plastiki: Historia ya Bass Imejaa Mafundi wa Saa

Kila nikiweka video ya uvuvi, lazima msee mmoja aandike: "Buda, hiyo ni mchezo ya wababi." Wa pili anauliza fimbo ni pesa ngapi. Wa tatu anataka nimwambie rili gani ni noma kuliko zote. Leo nawajibu wote watatu mara moja, na nitapitia historia, kwa sababu ukijua kifaa kilitoka wapi na kilitengenezwa kumaliza shida gani, mwenye duka hatakuuzia kitu huhitaji. Na hiyo maneno ya wababi ni ukweli nusu. Hiyo nusu ingine ndiyo imenikalisha chini niandike.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Bass ninayemsema ni yule wa mdomo mkubwa, mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na domo, manze, domo inapita mpaka nyuma ya jicho. Hapendi kukimbiza chakula mbali. Anajibanza kando ya majani ama mti uliozama, anangoja, halafu anafungua hiyo domo ghafla na kuvuta maji pamoja na chochote kilicho ndani yake. Kwa hivyo anayemtafuta anahitaji mambo matatu: kurusha kitu kidogo mbali na kwa shabaha, kukifanya kionekane kama chakula, na kumvuta samaki atoke kwa majani kabla hajajifunga humo. Vifaa vyote vya bass, miaka 200 hivi, ni majibu ya hayo matatu.

Jibu kubwa la kwanza lilitoka Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19. George Snyder alikuwa fundi wa saa na mfua fedha katika mji mdogo unaoitwa Paris (ndio, Paris, lakini ya Kentucky). Rili za wakati huo nyingi zilikuwa kama kigurudumu cha uzi tu: zungusha mkono mara moja, uzi unajiviringisha mara moja. Waingereza walikuwa wameshajaribu kuweka gia, lakini hazikuwa zimewafurahisha watu sana. Snyder alichukua akili ya saa, meno madogo yanayoshikana bila kusumbuana, akatengeneza rili ambayo mzunguko mmoja wa mkono unazungusha uzi mara kadhaa. Baada yake wakaja mafundi wengine wa saa na vito hapo hapo Kentucky, ndugu wa familia ya Meek na mwenzao Milam, wakafanya hiyo kazi ya mkono ikajulikana nchi nzima.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na kitu kimoja nilichobeba kutoka darasa la mitambo ni uwiano wa gia. Nilichorewa ubaoni, nikapita mtihani, na sikuuelewa. Niliuelewa siku nilishika rili. Ukiona imeandikwa 6.2:1, maana yake ni hiyo hiyo ya Snyder: zungusha mara moja, kibiringo cha uzi kizunguke mara 6.2. Kubwa inavuta haraka, ndogo inavuta pole lakini kwa nguvu. Kwa mtu anayeanza, kitu karibu na hapo katikati inatosha kabisa. Msee akikuambia lazima ununue ya 8 na kitu, muulize unakimbilia wapi.

Sasa cheki hii. Ile rili nyekundu ya Ambassadeur, ambayo wazee wa bass Marekani bado wanaiongelea kama gari ya kwanza, ilitoka Sweden, kwa kampuni ya ABU. ABU ilianza 1921 ikitengeneza saa, halafu mita za teksi, ile mashine ya kuhesabu nauli. Vita vya Pili vikaja, petroli ikawa adimu, teksi zikapaki. Nani atanunua mita? Wakageuza mashine zao kutengeneza rili. Ufaransa nayo, rili za Mitchell zilitengenezwa Cluses, bonde la watengeneza saa, na kampuni iliyokuwa ikitengeneza vipande vya saa. Na Marekani, mwaka wa 1947, fundi wa saa kutoka Texas anaitwa R. D. Hull alipeleka wazo lake Tulsa, kwa kampuni iliyokuwa ikiuza mabomu ya kulipua visima vya mafuta. Jina lake lilikuwa Zero Hour Bomb Company. Soma herufi za kwanza, ongeza kidogo, unapata Zebco, ile rili ya kitufe ambayo mtoto wa miaka 6 anaweza kutumia.

Aina ya mwisho ya rili, ile ninapendekeza mimi, haikutoka kwa saa. Ilitoka kwa kiwanda cha nguo. Alfred Illingworth wa Bradford, Uingereza, aliangalia vile uzi unatoka kwa kibiringo cha kiwandani kwa kuteleza juu ya ukingo wake, kibiringo chenyewe kikiwa kimetulia. Mwaka wa 1905 akapata hataza ya rili inayofanya hivyo. Hiyo ndiyo babu wa rili ya spini. Faida yake ni hii: kwenye rili ya Kentucky kibiringo kinazunguka unaporusha, na kikizunguka haraka kuliko uzi unavyotoka, unapata kiota cha ndege mkononi na jioni yako imeisha. Ya spini haina hiyo drama, kwa sababu kibiringo hakizunguki. Ndio maana nasema anza na spini, saizi 2500 ama 3000, na usiruhusu mtu akuaibishe. Ile ya kibiringo kinachozunguka itakuja baadaye, ukitaka nguvu ya kung'oa samaki kwa majani mazito.

Fimbo nitazipita haraka. Zamani za maana zilikuwa za mwanzi kutoka China, zinapasuliwa na kugundishwa upya vipande sita, kazi ya mikono na bei yake. Baada ya Vita vya Pili ikaja faibaglasi, na kampuni ya Shakespeare (sio yule wa Romeo) ikawa kati ya za kwanza kuiuza. Bei ikashuka. Miaka ya 1970 zikaja za nyuzi za kaboni, nyepesi, zinazokuambia mkononi samaki amegusa. Dukani angalia vitu viwili tu: ugumu wake, na inakunjika wapi. Ya ugumu wa kati, inayokunjika karibu na ncha, futi 6 na nusu mpaka 7, itakufanyia karibu kila kitu. Ukikosa kaboni, chukua faibaglasi. Inavumilia kukanyagwa kwa matatu.

Chambo bandia ndio mahali watu humwaga doh, kwa sababu vinameremeta. Navyo vina hadithi zile zile za watu wa kazi zingine. James Heddon wa Dowagiac, Michigan, alikuwa mfuga nyuki. Inasimuliwa alikuwa anachonga kijiti akingoja rafiki, akakitupa majini, bass akakirukia. Kama ilikuwa hivyo kweli ama imepakwa mafuta kidogo, kampuni yake ya vyambo vya mbao ilikuja kuwa kubwa sana. Finland, Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa kulisha familia, sio wa mchezo. Aliona samaki wakubwa wanachagua yule mdogo anayeogelea kama mgonjwa, akachonga mmoja kwa gamba la mti miaka ya 1930, akamfunga karatasi ya chokoleti, na kwa kukosa vanishi akayeyusha filamu za picha na kumpaka.

Halafu kuna Nick Creme. Huyu alifanya kazi ya mashine Akron, Ohio, mji wa viwanda vya tairi. Mwaka wa 1949 yeye na mke wake Cosma walichemsha plastiki kwa jiko la nyumbani, wakamimina kwa umbo la mnyoo. Huo mnyoo ulibadilisha bass kuliko kitu kingine chochote, nasema mimi. Sababu ni rahisi: ni laini, kwa hivyo samaki akiuma anaendelea kuushika, na unaweza kuficha ncha ya ndoana ndani yake, ikapita kwa majani bila kunasa. Huo ufungaji unaitwa wa Texas, na unahitaji ndoana moja, kipande kidogo cha risasi chenye umbo la ncha ya kalamu, na mnyoo. Basi. Ukiwa na elfu moja imebaki mfukoni, nunua hivyo, wacha yule samaki wa plastiki mwenye macho ya dhahabu dirishani.

Kwa wale bado wanadhani bila sanduku kamili hauendi mahali: rekodi ya dunia. Tarehe 2 Juni 1932, Georgia, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka kabisa, kijana wa miaka 20 anaitwa George Perry alienda kuvua na rafiki yake kwa kidimbwi cha mto kinachoitwa Montgomery Lake. Alikuwa mkulima, anasaidia kulisha familia. Inasimuliwa kwamba chambo bandia kilikuwa kimoja kati yao wawili. Perry alivuta bass wa pauni 22 na aunsi 4, kilo 10 na kidogo. Wakampima, wakamweka kwenye shindano la gazeti, akashinda vifaa vya dola 75. Na samaki? Walimla. Miaka 77 ilipita kabla mtu afikie hiyo uzito: Manabu Kurita, Ziwa Biwa, Japani, 2009, tena ikaandikwa sare. Vifaa vya siku hizi vyote, mashine za kuona samaki chini ya maji, maboti ya bei ya nyumba, bado hakuna aliyempita huyo kijana waziwazi.

Maboti yaliingia baada ya 1967, wakati Ray Scott, muuza bima wa Alabama, alipanga mashindano Beaver Lake, Arkansas. Watu 106, kila mmoja dola 100. Hapo bass ikawa biashara ya televisheni, na ile sura ya wababi mnayoiona mtandaoni ilizaliwa hapo. Kabla yake ilikuwa fundi, mkulima, mtu wa kiwanda.

Lakini nilisema ni ukweli nusu, na nusu hiyo iko Naivasha. Ziwa lile asili yake lilikuwa na samaki mmoja mdogo tu, mdogo kuliko kidole, na hajaonekana tangu 1962. Tilapia waliletwa 1925. Bass wakaletwa 1929 kutoka Marekani, wazungu wa koloni wapate mchezo wikendi. Kumbuka Wamaasai walikuwa wameondolewa hapo kwa mkataba wa 1904 kupisha walowezi. Kwa hivyo fimbo ambayo Marekani ilikuwa ya kijana mkulima, kwetu ilishuka kwa meli ikiwa ya bwana mwenye shamba. Uvuvi wa biashara kwa nyavu ulifunguliwa 1959. Na mpaka leo, sehemu kubwa ya ufuo ni ua la mtu. Mwananchi anafika majini kupitia sehemu chache kama Kamere na Karagita. Ukiniambia huo mchezo ni wa wababi kwa sababu ya bei ya rili, nakataa. Ukisema ni kwa sababu ya geti, hapo tuko pamoja.

Na hii geti ndiyo ningependa tupigie kelele. Rili ya spini ya kawaida inanunulika kwa watu wawili kuchanga. Njia ya kufika majini haichangiwi.

Kama unaenda, kata leseni ya uvuvi wa mchezo kwanza, na usiingie majini kwa miguu, kiboko hana stori na wewe. Shika kingo za mafunjo alfajiri. Rangi ya chambo? Mwaka wa 1970 waliletwa ziwani kamba wekundu wa Louisiana, na bass wakubwa wa Naivasha wakawageuza chakula chao kikuu. Yaani Mmarekani anamla Mmarekani mwenzake ndani ya maji yetu. Kwa hivyo chukua plastiki yenye umbo la kamba, nyekundu iliyokolea ama kahawia, fungo la Texas, mshipi wa pauni 10 ama 12, iburute chini pole pole.

Bass wamepungua sana huko, niwe mkweli. Wavuvi wa nyavu siku hizi wanatoa zaidi kapu, walioonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tilapia. Mimi naenda Kamere mwezi ujao na fimbo moja, rili moja na pakiti moja ya kamba wa plastiki. Bass akija nitampima, nimpige picha, nimrudishe. Kapu akijileta, mtu abebe ugali.