Mzazi wa Mtoto Mwenye Ulemavu: Msaada Ulikotoka

Katika taarifa hii twapenda kukumbusha habari ifaayo kujulikana na kila mzazi. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianza huko Thika kazi ya kuwasaidia wasioona, iliyozaa shule yao. Mwaka 1958 kiliundwa chama cha watoto viziwi, na mwaka 1961 shule za viziwi zikafunguliwa Mumias na Nyang'oma. Mwaka 1964 Serikali iliunda kamati chini ya Bwana Ngala Mwendwa ichunguze matunzo ya walemavu.

Kazi hizo zilikuwa njema, lakini zilimngoja mtoto afikishwe mlangoni. Mzazi wa kijijini hakuwa na wa kumwambia mwanawe ana nini, wala ampeleke wapi. Majirani walinong'ona habari za laana, naye kwa aibu na kutojua akamficha mtoto ndani, ingawa alimpenda.

Mwaka 1984 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya kuwapima watoto. Huko mtoto huangaliwa asikiavyo, aonavyo na ajifunzavyo, na mzazi hushauriwa amtunzeje nyumbani na shule ipi itamfaa. Mwaka 1986 ikafuata taasisi ya KISE, iwafundishayo walimu wa watoto hao.

Kwa hiyo twaomba: yeyote amjuaye mtoto aliyefichwa asimlaumu mama yake, bali amsindikize hadi kituoni, wala asimwache arudi peke yake.