Gitaa la Buluu na Mwenye Vyombo

Wako watu huko Ulaya na Marekani wenye ada moja ya kupendeza. Mtu aliye na gitaa la besi la rangi ya buluu humtafuta mwenzake mwenye gitaa la rangi hiyo hiyo, wakaonyeshana na kulinganisha. La huyu limekoza kama maji ya kilindi, la yule limepauka kama mbingu ya asubuhi. Kila mmoja anaujua mwaka lilipotengenezwa gitaa lake, alilinunua kwa nani, na kovu hili ubavuni lilitokana na nini. Sina neno nao, kwani kukipenda chombo chako ni sehemu ya kukiheshimu. Lakini kila nisikiapo habari zao hujiuliza: je, sisi wa pwani hii, kutoka Dar es Salaam kupita Bagamoyo hadi Pangani na Tanga, tungeitana wenye magitaa ya besi ya buluu, nani angejitokeza akasema, "Hili langu"? Wapiga besi tumekuwa nao wengi, tena mahodari. Wenye besi walikuwa wachache mno. Katika mwachano huo wa mpigaji na mwenye chombo imo sehemu kubwa ya historia ya dansi yetu.

Tuanze na gitaa lenyewe. Besi ya umeme si chombo cha kale. Zamani sauti nzito ya bendi ilitoka kwenye besi kubwa ya kusimama, ambayo mpigaji huikumbatia kama anayeegemea mlango. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa California, alianza kuuza besi ya umeme inayovaliwa begani kama gitaa la kawaida. Shingoni alipiga vipande vya chuma ili kidole kikigusa mahali pake sauti itoke sawasawa bila kubahatisha, na ndiyo maana akaiita Precision. Magitaa mengi ya kampuni yake yalitoka na rangi ya mbao iliyokolezwa giza kwenye kingo. Aliyetaka rangi nyingine, buluu ikiwamo, aliongeza asilimia 5 ya bei. Rangi zenyewe zilikuwa za magari: ile buluu iitwayo Lake Placid Blue, inayosifiwa hadi leo, ilitoka kwenye rangi ya Cadillac. Kwa hiyo tangu mwanzo gitaa la buluu lilikuwa alama ya mtu aliyeweza kutoa ziada ili chombo chake kisifanane na cha jirani.

Sasa chombo hiki kilipofika kwetu kilikuta mila nyingine kabisa. Pwani ya Waswahili ilikuwa imezoea kwamba chombo kikubwa cha muziki ni cha mji, si cha mtu. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu iliyotengenezwa kwa shaba, zote mbili ambazo sasa zimo katika jumba la makumbusho la Lamu, hazikuwa mali ya wapulizaji wake. Zilikuwa na walinzi waliojulikana. Familia iliyotaka siwa ilie arusini kwao iliomba ruhusa na kutoa ada, na shughuli ikiisha siwa ilirudi mahali pake. Baadaye ilikuja ngoma ya beni, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa tarumbeta, ngoma na sare, vikaenea Tanganyika yote hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Humo pia tarumbeta lilikuwa la chama. Anayelipuliza leo kesho aweza kumpisha mwenzake.

Klabu za dansi zilizozaliwa tangu miaka ya 1930, Dar es Salaam Jazz ikiwa miongoni mwa zile za kwanza, ziliurithi mtindo huo. Wanachama walichanga, vyombo vikanunuliwa, vikawekwa chini ya uangalizi wa klabu. Ndivyo ilivyokuwa pia katika miji mingine, Morogoro, Tabora na Tanga. Hata taarabu ya Tanga ilipoingiza gitaa la umeme na besi, kwa juhudi za vikundi kama Black Star na Lucky Star, vyombo vilikuwa vya kikundi. Baada ya Uhuru mambo yakapanuka. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, na baada yake zikaja bendi za jeshi, polisi, magereza, vijana na mashirika ya umma. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi kama karani, na gitaa likawa mali ya shirika kama lilivyo taipureta.

Hapana shaka mtindo huu ulikuwa na sababu, na katika miaka migumu ulikuwa ndio pekee uliowezekana. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa tena hadi 1983, nasi tulikuwa tumezoea kuitegemea Nairobi kwa santuri na mambo mengi ya muziki. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Raia wa kawaida hakuweza kuagiza hata seti ya nyuzi, achilia mbali gitaa. Ni hadi mwaka 1984 ndipo watu binafsi waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha walizokuwa nazo wenyewe. Katika ukame wa namna hiyo, kijana wa mvuvi au wa mkulima wa minazi alipata wapi besi ya kujifunzia? Aliipata kwa sababu shirika au chuo kilikuwa nayo moja, na watu kumi wakaishika kwa zamu.

Nalisema hili kwa kuwa nimeliona. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza mwishoni mwa miaka ya 1980 bohari ilikuwa na gitaa moja la besi, la rangi ya buluu, lililonunuliwa kabla sijafika. Buluu yake ilikuwa imemomonyoka pale kiwiko kinapoegemea, mbao ikaonekana. Wanachuo walilishika kwa zamu, jioni mbili mbili, kwa orodha iliyobandikwa mlangoni. Nyuzi zikishachoka na kutoa sauti ya kamba ya ndoo, walizifungua, wakaenda jikoni kumbembeleza mpishi awape sufuria, wakazichemsha kutoa uchafu na jasho, wakazianika na kuzifunga tena. Zilirudi uhai kwa wiki mbili tatu. Kwa njia hiyo seti moja ilitumika miaka.

Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja wa upande wa Pangani, ambaye alikuwa mashoto. Kwa kawaida mtu kama huyo hubadilisha mpangilio wa nyuzi ili gitaa limkae. Yeye hakuweza, kwani kesho yake gitaa lilikuwa zamu ya mwingine. Akaligeuza vilevile lilivyo, uzi mnene ukawa chini na mwembamba juu, akajifunza kichwa chini miguu juu. Wenzake walimcheka mwezi wa kwanza, lakini ulipofika mwezi wa nne walikuwa wakinyamaza anapopiga. Alifundisha miaka michache, kisha akaacha chaki akaenda Dar es Salaam kupiga besi.

Hapa ndipo uzuri wa mtindo ule unapoanza kuonyesha upande wake wa pili. Bendi za Dar es Salaam zilikuwa za wenye vyombo. Mpigaji aliyetaka hali bora hakuwa na cha kuchukua ila vidole vyake, akahamia penye vyombo vizuri zaidi. Mwaka 1978 Mlimani Park ilipoundwa, ilichota wanamuziki wakubwa wa bendi nyingine, akina Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar. Kampuni ya usafiri na teksi iliyoianzisha iliposhindwa, DDC ikaichukua bendi mwaka 1983. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Safari Sound, akawavuta tena akina Gurumo, na Ndekule ikazaliwa. Na bendi ile ya kwanza ya wafanyakazi ilikuwa NUTA, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mwishowe ikajulikana kama Msondo Ngoma. Mashabiki walizoea kuyasimulia haya kama visa vya tamaa na usaliti. Mimi nayaona kama habari ya umilikaji. Jina la bendi lilimfuata mwenye vyombo, si mpigaji. Aliyehama alijiachia nyuma kila kitu, hata gitaa lililojua uzito wa mkono wake.

Yule kijana wangu wa Pangani nilikutana naye miaka mingi baadaye hapa Bagamoyo, karibu na soko la samaki, naye amekwisha kuwa mtu mzima mwenye mvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Besi inaendeleaje?"

"Besi ilikuwa ya tajiri, Mwalimu. Mimi nimerudi na vidole."

Alikuwa amepiga zaidi ya miaka ishirini, katika bendi tatu. Nyimbo alizozipiga zilikuwa zikisikika redioni siku ile ile tuliyokuwa tukizungumza. Hakupata kumiliki gitaa hata moja. Bendi ya mwisho ilipovunjika, mwenye vyombo aliviuza, kama ilivyokuwa haki yake. Uzeeni mwanangu yule hakuwa na kitu cha kumwonyesha mjukuu wake ile kazi ya kichwa chini miguu juu, akawa anamwonyesha kwenye fimbo. Alifariki, Mungu amrehemu, akazikwa kwao, na katika msiba wake hapakuwa na chombo chochote cha kusema kwamba hapa kalala mpiga besi. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Maisha yake yote alikuwa amevaa ya kuazima.

Mtu aweza kuniuliza: basi tuwaige wale wa ughaibuni, kila mtu na buluu yake? Hapana. Chombo cha pamoja ndicho kilichomfikishia muziki yule mtoto wa Pangani. Angesubiri apate fedha za kununua lake, asingeanza kamwe. Tena Bagamoyo yetu imetufundisha njia ya tatu. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, mmoja wa nguzo zake alikuwa Mgogo Hukwe Zawose. Zeze na ilimba alizitengeneza mwenyewe, na watoto na jamaa zake wakajifunza kutengeneza pia. Alipofariki mwishoni mwa 2003 chombo hakikurudi kwa tajiri yeyote, kwa maana ujuzi wa kukitengeneza ulibaki nyumbani. Ilimba kubwa hutoa sauti nzito inayotikisa kifua kama besi yoyote ya Marekani. Sisemi kila mpiga besi achonge gitaa lake. Nasema kwamba Zawose alikuwa na kitu cha kumwachia mtoto, na mpiga besi wetu hakuwa nacho.

Kosa basi halikuwa katika kushirikiana. Lilikuwa katika kuliita shirika jambo ambalo kwa kweli lilikuwa kuazimwa. Katika shirika kila mtu ana fungu lake na jina lake linajulikana. Siwa ilikuwa ya mji mzima, lakini ilikuwa na mlinzi, ilikuwa na ada, na kila mtu aliijua historia yake. Ndiyo maana hadi leo tunaweza kwenda Lamu kuitazama. Magitaa ya bendi zetu yaliandikwa katika madaftari ya mashirika kwa idadi, bei na hali. Yalipochakaa yalifutwa kama meza na viti. Daftari la chuo chetu nalikumbuka vizuri, mstari mmoja tu: gitaa la besi, buluu, moja. Daftari la serikali halikuwa na safu ya jina la mpigaji, wala ya mwaka aliolishika, wala ya nyimbo alizozipiga nalo. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini nasi tumegundua kwamba hata mali yenye daftari hupotea, kama daftari limeandika kitu likaacha watu.

Sheria ya hakimiliki tuliyoipata mwaka 1999 ni msaada, ingawa macho yake huwaona zaidi mtunzi na mwimbaji kuliko yule aliyesimama nyuma karibu na ngoma, akishika mwendo. Lipo ambalo halihitaji sheria mpya. Yako bado magitaa ya miaka ile, katika mabohari ya vyuo, katika kambi, katika ofisi za mashirika na nyumbani kwa waliokuwa wenye vyombo, mengine yamelala chini ya uvungu na nyuzi mbili tu. Yasifutwe kabla wazee hawajaulizwa. Mwenye gitaa na amwite mzee aliyelipiga, amkalishe kitini, ampe alishike tena, na kijana mwenye kalamu awe karibu aandike: nani, wapi, mwaka gani, mkono upi. Kisha chuo chochote chenye gitaa la zamu kianze leo kuongeza safu moja katika daftari lake, ya majina ya wanaolishika. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji rula na wino.