Kipakatalishi cha michezo au chepesi? Mnunuzi atazame chaja kwanza

KIPAKATALISHI cha michezo husifiwa kwa nguvu, lakini nguvu hizo hutoka kwenye soketi ya ukutani, si kwenye betri. Kadi yake ya michoro pekee yaweza kutumia zaidi ya wati 100. Mashirika ya ndege nayo, kwa kawaida, humruhusu abiria betri isiyozidi wati-saa 100 bila idhini maalumu, na watengenezaji wengi hukomea hapo. Hesabu ni rahisi: betri ya wati-saa 90 ikitumiwa kwa wati 180 huisha kwa nusu saa. Ndiyo maana mashine hizo hujipunguzia kasi zinapotumia betri, jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua stima zikishapotea.

Chepesi hutumia wati chache mno katika kuandika na kusoma. MacBook Air ya 2020 yenye kichakataji cha M1 ina uzani wa kilo 1.29 na haina hata feni. Kasoro ni kwamba kazi nzito ikiendelea, joto hupanda na kasi hushuka.

Mwanafunzi wa usanifu majengo au mhariri wa video ana sababu ya kuvumilia kilo 2.5, pamoja na chaja nzito. Karani anayepanda matatu kila siku hana.

Dukani, chaja ya wati 65 huashiria mashine ya safari. Ya wati 200, mashine ya mezani. Katika vipakatalishi vyepesi vingi, kumbukumbu hulehemiwa kwenye bodi. Anayenunua cha gigabaiti 8 hataweza kuiongeza baadaye.