AI kusoma eksirei za meno: Inaona nini, na inakosea wapi?

Umekaa kwenye kiti cha daktari wa meno, picha ya eksirei imetokea kwenye skrini, na kabla daktari hajasema neno, vijiboksi vya rangi vinajichora juu ya magego yako. Kimoja kinasema jino limeanza kuoza. Hiyo ni kazi ya akili mnemba, au AI kama wengi wanavyoiita.

Kupiga picha yenyewe si jambo jipya. Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na Januari 1896 Mjerumani Otto Walkhoff akajipiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilimbidi atulie dakika 25! Siku hizi haifiki hata sekunde moja. Kilichobaki kigumu ni kuisoma.

Eksirei ni kivuli tu. Sehemu ngumu ya jino hutoka nyeupe, na palipopoteza madini hutoka peusi. Shida ni kwamba jino hupoteza karibu asilimia 30 hadi 40 ya madini mahali hapo ndipo weusi uonekane vizuri. Ndiyo maana madaktari wawili wanaweza kuangalia picha ileile, mmoja akasema "ziba" na mwingine akasema "liache kwanza".

Programu hizi hufundishwa kwa maelfu ya picha ambazo madaktari wameshaziwekea alama. Kompyuta haijui jino ni nini. Inachojifunza ni mpangilio wa weusi na weupe, kisha ikipewa picha mpya inakadiria uwezekano wa ubovu. Aliyeitengeneza ndiye anayeamua ianze kupiga kelele kwenye kiwango gani. Akiweka chini, itakamata mengi lakini itasingizia na meno mazima. Akiweka juu, itanyamazia yaliyooza.

Kazi nyingine, na pengine ndiyo inayoifaa zaidi, ni kupima mfupa unaoshikilia meno. Ugonjwa wa fizi hula mfupa huo taratibu. Kupima milimita jino kwa jino kwa macho kunachosha, kompyuta haichoki.

Marekani, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, iliiruhusu programu ya Overjet kupima mfupa mwaka 2021. Mwaka 2022 ikaruhusu nyingine za kutafuta meno yaliyooza, ikiwemo Second Opinion ya kampuni ya Pearl. Zote ziliruhusiwa kama msaidizi wa daktari, si mbadala wake.

Makosa yapo. Meno mawili yakipandana kwenye picha, kivuli chake kinaweza kudhaniwa ni ubovu. Shingo ya jino, pale karibu na fizi, huweza kutoka nyeusi hata kama ni nzima. Na programu iliyofundishwa kwa picha za nchi moja au mashine za aina moja inaweza kuyumba ikipelekwa kwingine.

Hapa si suala la teknolojia tu. Jino likishachimbwa haliotei tena, na kila kizibo kina siku yake ya kubadilishwa. Wakati huohuo, ubovu ambao haujatoboa tabaka la nje mara nyingi unaweza kusimamishwa kwa floridi na usafi, bila kuchimba chochote. Kijiboksi chekundu kwenye skrini kinamshawishi mgonjwa haraka kuliko maneno ya daktari, na kuziba jino kunalipiwa.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo lingine. Wengi hufika kwa daktari jino likiwa limeshawanyima usingizi, na shimo la namna hiyo halihitaji kompyuta kulitambua. Faida ya AI ipo kwa anayepimwa mapema, na huko kupimwa mapema kunataka mashine ya eksirei, umeme na hela ya kulipia.

Ukioneshwa picha yenye vijiboksi, muombe daktari aiangalie na ile isiyo na rangi, akague jino lenyewe mdomoni, kisha akueleze weusi umefika tabaka gani. Kama jino haliumi na bado ni tabaka la nje, muulize kama linaweza kusubiri na kupigwa picha tena baadaye.