Tablo za ukumbusho: picha za zamani za Katanga na wenye kuzikusanya

Mu Likasi, picha ya kupakwa rangi inaitwa tablo. Miaka ya 1970 ilikuwa kitu cha kawaida mu saluni za wafanyakazi wa migodi na viwanda: mto na miti wakati jua linazama, mamba muntu, ama ile wanaita Colonie Belge, mfungwa anachapwa fimbo mbele ya Mzungu wa serikali. Kitambaa chake kilikuwa gunia la unga. Fundi alibeba tablo na kutafuta wanunuzi mwenyewe, na mnunuzi alitaka jambo moja: picha ilete ukumbusho.

Kabla ya hapo, mu 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Pilipili Mulongoy alipaka samaki na ndege, Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi, na Bela Sara alipaka kwa vidole. Kazi hizo zilinunuliwa zaidi na Wazungu. Tablo za gunia ndizo ziliingia kwa wananchi.

Wenye kukusanya picha za Japani wanajua hesabu nyingine. Kule mandhari ilichongwa kwenye ubao, kisha ikachapwa karatasi nyingi. Watanabe Shōzaburō wa Tokyo alichapa hivyo picha za Kawase Hasui, aliyekufa 1957, na mihuri ya pembeni inasaidia kujua karatasi ni ya wakati gani. Tetemeko la 1923 liliunguza mbao za Watanabe, na karatasi za kabla ya hapo zinatafutwa sana. Katanga hakukuwa na ubao. Fundi alirudia mto uleule mara nyingi, lakini kwa mkono, kwa hiyo hakuna tablo mbili zinazofanana kabisa. Ikioza moja, imekwisha.

Nyingi zilizohifadhiwa vizuri ziko mbali. Tshibumba Kanda Matulu alipaka historia ya inchi kwa tablo zaidi ya 100, akamweleza Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili mu 1973 na 1974. Leo ziko Amsterdam. Mkusanyo mkubwa wa Bogumil Jewsiewicki uko Tervuren, Ubelgiji. Si kwamba ziliibiwa: zililipiwa, na bila wao pengine zingepotea. Lakini mtoto wa Kikula anayetaka kuziona anahitaji viza.

Zilizobaki Likasi ziko kwa wazee, nyuma ya kabati, ama zimefunika debe la makaa. Mwenye kukusanya anaangalia kwanza sahihi ya fundi, kisha kitambaa: gunia la kweli lina nyuzi nene, na rangi ya zamani ina nyufa ndogo. Tablo iliyopakwa upya ili ing'ae imepoteza bei yake, na zaidi ya bei.

Isioshwe na sabuni wala kupakwa vernisi. Ikae mbali na jua, mvua na mchwa. Isikunjwe kama nguo. Ikibidi kuviringishwa, upande wa rangi ubaki nje. Na kabla mzee hajaondoka, aulizwe nani aliipaka, ilinunuliwa mwaka gani, ilikaa nyumba gani. Majibu yaandikwe kwa penseli kwenye karatasi inayokaa pamoja na tablo, si kwa biki juu ya kitambaa, maana wino unapenya mpaka mbele.